Kisanduku Kisichonyamaza

Tangu jana, banda zima la abiria pale Nyamisati linajua kwamba shemeji ananidai, na limeambiwa hivyo kwa lafudhi ya Kimarekani. Boti ya Mafia ilikuwa ikisubiri maji yajae. Kwa kuwa macho yangu hayasomi, nikakiachia kisanduku cha sauti kinisomee ujumbe ulioingia kwenye kompyuta. Kanuni zake ni za Kiingereza, hivyo Kibiti kwake ni "Kaibitai", na nilitumaini hakuna ambaye angeambulia kitu. Kumbe shemeji aliandika deni kwa tarakimu: 200,000. Kikazitamka wazi kama mtangazaji wa redio. Nikachomoa waya. Kikaendelea.

Hapo sharti nikitendee haki, maana ni ufundi wa ajabu. Hakuna mtu aliyerekodiwa mle. Kuna mvumo unaoigiza koromeo, na vichujio vinavyoufinyanga uwe a, e, i. Katika DECtalk, kisanduku cha aina hii mashuhuri kuliko vyote, sauti kuu iliundwa kwa kuiga ya mtafiti Dennis Klatt wa MIT mwenyewe. Ile ya Stephen Hawking ilikuwa ya ukoo huohuo. Kompyuta hutuma herufi tu. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, herufi kama 960 zaweza kuingia kila sekunde, ilhali kwa kasi ya kawaida mdomo hautamki hata thelathini. Zilizobaki hupanga foleni kwenye kumbukumbu ya kisanduku. Ili kinyamaze, kompyuta ikitumie amri, na amri hupita kwenye waya. Uleule niliouchomoa. Betri kinayo, kwa hiyo kilisoma mpaka salamu za watoto.

"Lipa deni la watu, baba," akasema mama mmoja mwenye tenga la kamba. "Mpaka mashine inakusemea!"

Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu la pini 9 la waya huo, basi naunganisha kwa adapta ya yuesibi, ambayo jua la Kibiti likiipiga huzirai.

Najua, programu ya eSpeak ni ya bure na husoma Kiswahili. Lakini kompyuta yangu ikiganda, nayo hukata kauli palepale. Na kisanduku chenyewe sikukichagua. Kilikuja kama msaada, kwa hotuba, picha na makofi, tukashukuru, kisha tukapapasa boksi: waya haumo. Wala hakuna aliyejiuliza kama asiyeona wa Kibiti angependa kusomewa kwa lugha anayoiota usiku. Nilipouliza waya uko wapi, nikajibiwa kwamba mbona kabla ya msaada sikuwa na shida ya waya.