Udongo Uliozaliwa Juni

Kupima udongo hakuna makuu. Sampuli ikifika maabara inaanikwa kivulini, inapondwa, inapitishwa kwenye chekecheo la milimita 2, kisha inapimwa pH, mchanga, tope na mfinyanzi. Vituko vinaanza majibu yakitakiwa kuingia kwenye kanzidata.

Tuanze na majina. Mwongozo unataka kila sampuli iwe na namba yake ya pekee. Wenzetu wa shambani wana mwongozo wao: mifuko inakuja imeandikwa "Kwa Mzee", "Kwa Mzee bondeni" na "Kwa Mzee, ile nyingine". Kompyuta ikigoma, wanaongeza "mpya". Msimu ukiisha tunabaki na "mpya", "mpya kabisa" na "mpya ya zamani".

Kisha pH. Kisanduku chake hakikubali kuachwa wazi, kwa hiyo asiyepima huandika 0. Kwa hesabu hiyo kuna shamba letu lenye udongo mkali kama maji ya betri, na mihogo imestawi.

Lakini kubwa kuliko yote ni la rangi. Rangi ya udongo hupimwa kwa kitabu chenye vipande vya rangi, kwa mfumo wa Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Marekani aliyeuchapisha mwaka 1905. Unashika bonge lenye unyevu, unalilinganisha na vipande, unaandika 2.5YR 3/6, yaani wekundu uliokolea. Fomu yetu inagawa: 2.5YR safu moja, 3/6 safu ya pili.

Kijana wa mafunzo kwa vitendo alijaza vizuri kabisa, tena kwa utulivu. Programu ya majedwali, kama shemeji mgeni anayehamisha vyombo jikoni bila kuulizwa, ikaona ni tarehe hizo, ikazinyoosha: 3 Juni. Udongo mweusi wa bondeni, 2/1, ukawa 2 Januari. Kina cha sentimita 5-10 kikawa 5 Oktoba. Kanzidata ikapokea vyote bila hata kuguna.

Siku ya wageni, mmoja akainua mkono.

"Samahani Dokta, hapa kwenye rangi pameandikwa 3 Juni."

Bosi wetu hajawahi kushindwa mbele ya wageni. "Ndiyo," akajibu. "Huo ni wekundu wa kiangazi."

Mgeni akaandika.

Wa kulia si sisi peke yetu. Wataalamu wa jeni walikuwa na MARCH1 na SEPT1, na Excel ikizigeuza Machi na Septemba kila zilipoandikwa. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikanyoosha mikono: sasa ni MARCHF1 na SEPTIN1. Mwaka 2023 ndipo Excel ikapata mahali pa kuizima tabia hiyo. Jeni zilikuwa zimeshahama majina.

Mimi nikitaka kujua habari za sampuli, nakwenda safu ya mwisho, Maelezo, ambako watu huandika wanavyozungumza. "Mfuko umelowa." "Mizani haisomi mpaka uigonge." "Lebo imeliwa na mbuzi, nimekadiria."

Sasa unakuja mfumo mpya, na mtengenezaji anataka kuifuta safu hiyo kwa kuwa haichoreki grafu. Kwenye kikao bosi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sawa, kijana. Na mbuzi tumweke safu gani?"