Mhadhara Mkuu Kuhusu Nyumba Zisizo na Watu na Watu Wasio na Nyumba

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, na nyie vijana mliofuata soda: tulieni. Mimi ndiye bingwa wa uchumi wa makazi na uzee katika Moshi yote, kuanzia Njoro hadi Kibosho. Shahada sina, kwa sababu chuo cha kiwango changu hakijajengwa.

Naanza na takwimu, maana bila takwimu mtanidhania nimetoka kilabuni. Sensa ya 2012 ilikuta Watanzania milioni 44.9, ya 2022 ikakuta milioni 61.7. Nchi imeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Mkoa wa Kilimanjaro, miaka hiyohiyo, umetoka milioni 1.64 hadi 1.86 tu. Wasiosoma husema vijana wamekimbia. Hawakukimbia, tumewasafirisha kama kahawa. Na kwa kweli ni kahawa hiyohiyo: tangu chama cha ushirika cha KNCU kianzishwe mwaka 1933, mkulima wa Machame na wa Marangu aliuza kahawa akalipa ada, mtoto akasoma, na aliyesoma akapanda basi. Waliobaki ni waliolipa ada. Ndiyo maana mkoa huu ni miongoni mwa inayoongoza nchini kwa sehemu ya wakazi waliopita miaka 60.

Halafu kuna kihamba, shamba la ukoo. Babu aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, mpaka leo mrithi akilala chali miguu iko kwa jirani na masale ya mpaka yanamkuna kisogo. Kuuza hawezi, makaburi ya wazee yako palepale kwenye migomba. Anaenda Dar.

Sasa nyumba. Wapo wanaolalamika eti ni haba. Pandeni Uru, Marangu, Rombo mkajionee mahekalu! Vyumba sita, kila kimoja na choo chake, geti la kufuli mbili. Mwezi wa nane nilipanda Uru kufanya utafiti, nikamkuta bibi aliyepita miaka themanini, funguo za nyumba ya mwanawe kazifunga kwenye pindo la khanga. Akanifungulia. Marumaru zinang'aa, makochi bado yamevaa nailoni ya dukani. Yeye analala pembeni, kwenye nyumba ya zamani ya mbao, na anapikia kuni. Kila asubuhi anadeki nyumba ambayo hakuna aliyeichafua, kisha anachukua mundu kwenda kumkatia ng'ombe majani. Nikamuuliza mbona halali humu ndani.

"Baba, nikiteleza kwenye hizi marumaru, nani ataniokota?"

Nikaandika: mhojiwa ameridhika na makazi.

Ndiyo maana nasema pensheni kwa wazee ni kufuja fedha. Zanzibar, mwaka 2016, walianza kumpa kila aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Huku Bara hatuna anasa hizo, mzee wetu ana Desemba. Mabasi yanajaa, nauli inapanda, mwana anashuka na familia, mbuzi anachinjwa, mbege inamiminwa, na bibi anapigwa picha mbele ya geti. Mwaka mpya ukishaingia, funguo zinarudi kwenye khanga.

Huku chini mjini, muuguzi na mwalimu wanahangaika kutafuta chumba Pasua na Majengo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwingine ya mwaka mzima. Mshahara unaingia kwa mwezi, lakini hilo ni kosa la mshahara. Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, uhuru haujatimiza hata mwaka mmoja. Mimi sina ugomvi nalo: kila nyumba ambayo halijaijenga inaniletea mteja.

Juzi kijana mmoja akathubutu kuniuliza kwa nini nyumba za mlimani zisipangishwe. Swali la kitoto! Kwanza ziko mbali na kazi. Pili, nyumba ya mlimani haikujengwa ili ilaliwe. Msiba ukitokea, turubai lifungwe wapi? Mwili ushushwe kwenye kibanda? Mwenye hekalu la Uru, kule Dar kapanga Kimara chumba na sebule, analipa miezi sita kama nyie. Anahangaika mjini ili azikwe kwa heshima, na huo, mabibi na mabwana, ndio mpango wa makazi wa taifa hili uliofanikiwa kuliko yote.

Muda umekwisha. Maswali siyajibu bure. Ada ya kuonyeshwa chumba hairudi, na ukikipata, kodi ya mwezi mmoja ni ya dalali, yaani mimi. Kipo kimoja Pasua: LUKU ya kuchangia, maji baadhi ya siku. Anayekitaka anione hapo nje kabla yule muuguzi hajarudi na hela.