Prosesa Imegoma, Irudishwe

Kuna bwana huko Marekani, mwenye risiti na haki zake zote, anayerudisha dukani prosesa ya Intel, Core i7-8700K, kwa sababu imegoma kufika gigahezi 5. Tuelewane: kiwanda kiliiandikia 3.7, na ikijikaza yenyewe inagusa 4.7. Yote hayo inayatimiza bila kinyongo. Kosa lake ni kukataa kazi ambayo hakuna aliyemwahidi mtu.

Lawama nyingine ziiendee Celeron 300A ya mwaka 1998. Ilikuwa chipu ya bei poa, megahezi 300. Ukipandisha kasi ya basi, ile njia yake ya data, kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi zilikimbia 450 kama hazikuguswa. Tangu siku hizo kuna watu wanaoamini kwamba namba ya kwenye boksi ni unyenyekevu tu wa kiwanda.

Lakini chipu hazizaliwi sawa hata zikikatwa kwenye kisahani kimoja cha silikoni. Moja inaridhika na volti 1.3, nyingine unaiongezea, inatokota, kisha inakujibu kwa skrini ya buluu. Intel yenyewe iliwahi kuwauzia bima wapenda mwendo hawa. Mwaka 2021 ikaachana na biashara hiyo.

Kwenye fomu ya kurudisha, bwana wetu hataandika “imeshindwa kupita uwezo wake.” Ataandika “mbovu.” Duka litaipunguza bei, mhasibu fulani ataiokota afungulie majedwali yake, na ataisifu kwa kasi. Bwana naye atapewa mpya, igome kwenye 4.9.