Muulize Shangazi wa Kaunta

*Shangazi, shikamoo. Nauza kaunta hapa Nkunga. Tangu Novemba mvua haikati. Watu wanaingia kujikinga, wanaagiza maji chupa moja watu watatu, wanatazama mpira hadi kipenga cha mwisho. Jana nimefungua bia nne usiku mzima, na moja nimekunywa mwenyewe. Nifanyeje?*
— Mfuko Mkavu

Marahaba, mwanangu. Kwanza ilipie hiyo ya nne.

Pili, acha kushangaa mvua. Unaishi Rungwe, na mpaka Mei utaiona. Mtu aliyelowa hadi soksi humpi chupa inayotoka jasho la baridi. Ukimuuliza "ya moto au ya baridi?", subiri jibu, usifungue friji huku unauliza. Zima hilo friji moja linalonguruma bure, LUKU ipumue.

Halafu umjue mshindani wako. Si baa ya jirani. Ni yule mama wa kimpumu kule nyuma: wazee wamezunguka chombo, mirija mdomoni, ulezi ukipungua nguvu anaongeza maji ya moto, na soga inaanza upya. Hapo kuna joto, kuna kinywaji, kuna habari za kijiji. Wewe una televisheni. Injika sufuria ya supu ya kongoro, pilipili pembeni, uone watakavyosogeza viti.

Na usidhani hela hakuna. Mvua hii hii inayokufilisi ndiyo inayochipusha chai. Wateja wako wako shambani na vikapu mgongoni, ila majani hayageuki noti siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ukikopesha (najua utakopesha, kibao chako cha "Mkopo kesho" hakimtishi mtu), andika kwenye daftari siku ya malipo ya chai. Usiandike "akipata". Akipata ataanzia kwa mama wa kimpumu.

*Shangazi, mganga amesema nizike vizibo saba mlangoni, wateja watamiminika.*
— Mwenye Imani, Tukuyu

Zika. Ukiwa na jembe mkononi, toa na lile tope la mlangoni, maana wateja wanateleza.

*Shangazi, bosi anasema biashara imelala, ana viroba vya zamani stoo, niviuze kimyakimya chini ya kaunta.*
— Mtiifu

Viroba vilipigwa marufuku tangu Machi 2017. Mwambie bosi, kwa heshima zote, avae aproni akauze mwenyewe, wewe utakaa kwenye kiti chake cha kuzunguka.