Mrija wa Kahawa na Mzee wa Kimpumu

Mfyuuu! Msonyo ulimtoka mzee wetu wa kijiweni hapa Suma, mrefu mpaka bodaboda aliyekuwa ameshawasha pikipiki akazima kwanza, ajue amekosa nini. Kisa ni kidumu. Kidumu cha njano cha lita 5, kilichoanza maisha na mafuta ya kula, kikahamia kwenye sabuni ya maji, na asubuhi hiyo kilikuwa kimefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, kinapeleka maziwa Tukuyu mjini, kwenye mgahawa wenye mashine ya kahawa inayojifanyia kila kitu.

"Mashine imevaa suti," mzee akasema, "maziwa yamevaa kandambili."

Habari za mashine tulikuwa nazo tangu wiki iliyopita. Mama mwenye mgahawa kaletewa na mwanawe. Unabonyeza kitufe kimoja tu, yenyewe inasaga kahawa, inapika, inamimina, halafu inanyonya maziwa kwa kampira kembamba, inayapiga mpaka yanakuwa povu, inayamwaga juu. Jagi la maziwa lililokuja nayo kwenye boksi lilidondoka sakafuni likavunjika, hata mwezi halijamaliza. Mama akaanza kuulizia chombo cha badala. Basi! Kuanzia stendi ya Tukuyu mpaka huku kwetu milimani, kila mwenye mdomo akawa mhandisi.

Na kwa kweli kwenye maziwa Rungwe haifundishwi na mtu. Nyumba nyingi huku zina ng'ombe mmoja au wawili bandani, wanakatiwa majani ya tembo na kupewa migomba iliyokwisha kuvunwa. Mvua Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, majani hayajui kiangazi kinafananaje. Maziwa yanayobaki baada ya watoto na chai huteremka barabarani, mengine yanakwenda mpaka Iringa kiwandani kwa Asas. Kahawa nayo tunalima sisi wenyewe, arabika ya mlimani, ingawa tukiamka tunakunywa chai. Mpaka leo kijiweni kwetu ukisema "kahawa" mtu anafikiria bei ya kilo, hafikirii kikombe. Sasa imekuja mashine kutuonyesha kwamba kahawa inanyweka. Mfyu.

Turudi kwenye chombo. Wa kwanza kutoa ushauri alikuwa kijana wa kuchaji simu: kata chupa kubwa ya maji, tumbukiza kampira, kazi imekwisha. Haya, chupa ile ni laini, ukiigusa inayumba, na kingo zilizokatwa kwa kisu zinashika uchafu ambao hata dodoki halitoi. Wa pili akasema sufuria. Sufuria ni pana, maziwa ya vikombe vitatu yanatandazika chini kama maji ya kudekia, kampira kanalala ubavuni kananyonya hewa, na inzi hawahitaji kadi ya mwaliko. Wa tatu, fundi cherehani, alikuja na hoja ya maana: chupa ya chai. Watu walimcheka, eti maziwa ya mashine yanatakiwa yawe ya baridi, chupa ya chai itayachemsha! Hapo nilisonya mimi. Chupa ya chai haichemshi kitu. Inazuia joto lisivuke, la ndani lisitoke na la nje lisiingie. Mskoti James Dewar alipotengeneza ile ya kwanza mwaka 1892 alikuwa na shida ya baridi, si ya chai. Alitaka gesi zilizogeuzwa kuwa kimiminika zisipate joto. Kwa hiyo fundi cherehani yuko sahihi nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba shingo ya chupa ya chai ni nyembamba, mkono hauingii, na ukiinusa ndani utakuta iliki na mchaichai wa tangu harusi ya mwenye nyumba.

Mwingine akataja kibuyu. Watu wakacheka tena, lakini kibuyu kisidharauliwe. Wakalenjin wa Kenya mpaka leo wanatengeneza mursik kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, na wanariadha wao wakirudi na medali hupokewa nayo uwanja wa ndege. Ila kibuyu kinataka maziwa yagande, ndiyo kazi yake. Wadudu wa kugandisha wanaishi kwenye kuta zake. Mashine inataka maziwa yasigande. Ukivikutanisha hivyo viwili utapata kahawa ya mtindi, na mteja wa Tukuyu ana mdomo.

Mzee muda wote huu alikuwa kimya, jambo lililotutia wasiwasi. Kisha akauliza, "Hako kampira kananyonya kama mrija?"

Kama mrija, tukamwambia.

"Basi mbona mnajisumbua, nkamu? Mrija ninaujua."

Ni kweli anaujua. Kimpumu, pombe yetu ya ulezi, haigugumiwi kwa bilauri kama soda. Wazee wanakizunguka chombo, maji ya moto yanaongezwa, kila mmoja na zamu yake ya mrija. Na mzee akatuambia mambo matatu ambayo kijitabu cha mashine, nilipokuja kukisoma baadaye, kinayasema kwa kurasa nyingi na picha. Chombo kiwe kirefu kuliko upana, ili kinywaji kikipungua bado mrija uko ndani. Ncha ya mrija isikandamizwe chini, maana chini ndiko kwenye machicha, na ikigusa kitako moja kwa moja inajiziba. Halafu chombo kisikae mbali wala chini sana na mnywaji, kwa sababu pumzi ina mwisho.

Hilo la pumzi ndilo lililonipeleka Tukuyu. Nilitaka kuona mashine inavuta kwa pumzi ipi, maana nilisikia haina pampu ya maziwa. Kweli haina, yale maziwa yanavutwa na mvuke. Mvuke unapitishwa kwa kasi kwenye kitundu chembamba, na pale unapokimbia sana msukumo wake unashuka, basi maziwa yanafyonzwa kujaza pengo, na hewa kidogo inaingia nayo kwa pembeni. Povu limezaliwa. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi aliandika habari hiyo mwaka 1797 alipokuwa akichunguza maji kwenye mabomba. Pumzi ya namna hiyo ni hafifu, mzee hakukosea. Weka chombo chini ya meza, kampira karefu, mashine itakohoa tu.

Sasa kitundu chenyewe. Ni kidogo, ncha ya kalamu ni kubwa. Waliokitengeneza walikuwa na maziwa ya pakiti akilini, yale ambayo mafuta yake yamepasuliwa vipande vidogo vidogo yasielee. Mfaransa Auguste Gaulin ndiye aliyepata hataza ya mashine ya kupasulia mwaka 1899. Maziwa ya Suma hayajawahi kumsikia Gaulin. Ukiyaacha yatulie saa mbili, malai yanapanda juu. Ukiyachemsha, utando unakunjamana kama shuka. Mama aliyachemsha vizuri kabisa, maana maziwa mabichi yanaweza kuwa na brusela na mengine yasiyotajwa mezani, akayapoza, akayamimina pamoja na utando wake. Mashine ikanyonya utando ukakwama, povu likakataa kutoka, na mama akaamini chombo ndicho kibaya. Akabadilisha chombo mara tatu! Dawa ilikuwa kichujio cha chai tu, cha pale sokoni.

Chemsha, poza haraka, engua malai, chuja, weka kwenye friji mpaka yakaribie nyuzi 4. Maziwa ya baridi yanaupa mvuke muda wa kuyapiga kabla hayajaungua. Friji ikikosa umeme toa maziwa kidogo kidogo, ya vikombe viwili, na chombo ukikalishe kwenye bakuli la maji baridi. Bahati yetu maji ya Rungwe yanatoka mlimani yameshapoa. Na jioni usiseme "nitaosha kesho". Maziwa yakikauka kwenye kampira yanakuwa gundi, wala simtanii mtu: maseremala wa zamani waliunganisha mbao kwa gundi ya maziwa. Suuza kwanza kwa maji ya baridi, ndipo ya moto na sabuni. Ukianza na ya moto unayapikia humo humo.

Kwa hiyo chombo ni kipi? Mimi nasema stenlesi, kirefu kidogo, mdomo ambao mkono mzima unaingia mpaka kwenye kitako, mfuniko wenye tundu la kampira. Kioo nacho ni kizuri, kinaonyesha uchafu, ila sakafu ya mgahawa ule imeshakula jagi moja. Plastiki ikichunika ndani inakuwa na mifereji, kila mfereji una wapangaji.

Nilipowaeleza kijiweni wakaridhika. Mzee hakuridhika. Akanyoosha fimbo kwenye kidumu cha njano.

"Na huyu?"

Hapo ndipo gumzo lilipopata moto. Maana tulikuwa tumetumia siku nzima tukijadili chombo cha dakika 10 za mwisho, na maziwa hukaa saa nzima kwenye kidumu. Shika kidumu chochote, tazama mkono wake wa kubebea: uko wazi ndani. Maziwa yanaingia mle, hakuna brashi inayofika, na ya jana yanakaa pale kuyasubiri ya leo. Mashine iwe ya Uswisi au ya mbinguni, haina kitufe cha kufuta hilo.

Bodaboda akapandisha. "Keni ya aluminiamu mnaijua bei yake? Mnaijua uzito wake? Kidumu kina mfuniko wa kuzungusha, nikipita kwenye tope la kuteremkia Katumba hakimwagi hata tone. Nilipwe kwa lita, halafu keni ninunue mimi?"

Tukanyamaza. Kijana ana haki. Siku hizi kuna hata chombo cha plastiki kiitwacho Mazzi, cha lita 10, mdomo mpana, kilichobuniwa kwa ajili ya wafugaji wadogo kama wa kwetu, si lazima kila kitu kiwe chuma. Lakini swali lake halikuwa chuma au plastiki. Mtu ananunua mashine ya bei ya ng'ombe na ndama wake, halafu gharama ya usafi anamwachia mkamuaji na mbebaji, wale wawili wenye kipato kidogo kuliko wote kwenye safari ile ya maziwa. Maziwa yakiharibika, wao ndio wanarudishiwa. Nilisonya, na huu haukuwa wa utani. Mwenye mashine ndiye anunue keni! Mbili, moja ikienda nyingine inaoshwa na kuanikwa juani kichwa chini.

Mama, namshukuru, hakukasirika ujumbe ulipomfikia. Siku moja alipanda gari kwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, akarudi na keni mbili, na kopo la stenlesi la kuwekea sukari ambalo fundi wa geti alilitoboa mfuniko. Kampira akakakata ncha mshazari, kama mirija ya wazee, kasinyonye kitako.

Mzee alialikwa kuja kuonja, bure. Alivaa koti. Mashine ikasaga, ikanguruma, ikapiga chafya, kikombe kikajaa povu mpaka pomoni. Mzee akakiinua, akakipima mkononi, akakiweka tena mezani, akamtazama yule binti aliyemhudumia.

"Ndaga, mwanangu. Lakini hapa mmenipa nusu maziwa, nusu upepo."

Binti akamweleza kwamba kahawa yenyewe iko chini.

"Sasa si mngesema," mzee akajibu. "Niletee mrija."