Mwembe wa Mama Mkwe

Bima ndogo ya gari la kutembelea ni shilingi 118,000: laki moja ya bima yenyewe, na 18,000 ya VAT. Uikate hapa Tabora, Gongoni au Kanyenye, au Kariakoo, ni hiyo hiyo. Nalisema mapema kwa sababu nina shemeji asiyeamini kwamba duniani kuna bei isiyopungua, na nilipotaka kukata bima ya IST yangu alijitolea kunisindikiza. "Twende wote, shem," aliniambia, "wewe mpole, watakuonea."

Alianza kama anavyoanza akiwa sokoni. Akaicheka bei, akajifanya anaondoka. Wakala hakumwita. Tukahamia kwa wakala wa jirani: 118,000. Tukaingia benki, maana siku hizi benki nazo zinauza bima: 118,000, ila huko kuna kiyoyozi. Shemeji akahitimisha kwamba wamekula njama. Ukweli ni kwamba viwango vya chini vinasimamiwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na wakala hana ubavu wa kuvishusha hata kama mmenyonya ziwa moja.

Tukarudi kwa wakala wa kwanza, ambaye ni Mgogo wa Dodoma, kwa hiyo mtani wangu mimi Mnyamwezi. Mtani haachwi hivi hivi.

"Babu zako walimtoza babu yangu hongo kila alipokatiza Ugogo na pembe begani," nikamwambia. "Akawalipa kaniki, akawalipa shanga. Leo umenifuata mpaka Unyamwezini kunitoza tena?"

Hakuinua hata macho kwenye kompyuta yake. "Babu yako alipewa risiti? Mimi nakupa na stika."

Nikalipa.

Stika yenyewe ni ya kielektroniki, huibandiki popote. Trafiki akikusimamisha anaingiza namba ya gari kwenye simu na kuiona. Nilitembea na amani hiyo mpaka msimu wa maembe. Wanaoijua Tabora wanajua miembe yetu: mikubwa, mizee, na ina kivuli cha kumtega mwenye gari. Desemba nilikwenda kumsalimia mama mkwe, nikaegesha chini ya mwembe wake pale pale anaponielekeza kila nikienda. Mvua ikaja na upepo wake. Tukiwa ndani tunakunywa uji tukasikia kishindo, kisha kimya, kisha watoto wakishangilia. Tawi zima, na maembe yake, lilikuwa limekaa kwenye kioo cha mbele. Kioo kilikuwa na nyufa kama ramani ya mito. Embe moja lilipenya mpaka kiti cha dereva, na kwa haki yake lilikuwa limeiva vizuri.

"Poleni, Baba Kulwa," akasema mama mkwe, na jioni akanifungia ndoo nzima ya maembe yale yale, eti niwapelekee watoto.

Kesho yake nikaenda kwa mtani na picha kwenye simu. Akazitazama kwa heshima, kama mtu anayeangalia picha za msiba. "Mtani," akaniuliza, "gari liligonga mwembe au mwembe uligonga gari?"

Nikamwambia hali ilivyokuwa.

"Basi pole sana. Ungeugonga wewe, mwenye mwembe tungemlipa. Mwembe ukikugonga wewe, sisi hatumo."

Hapo ndipo bima ndogo iliponikaa kichwani sawasawa. Katika mkataba ule mtu wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni yeyote utakayemletea balaa barabarani: mwendesha baiskeli wa Isevya, bodaboda, ukuta wa mtu. Bima ndogo ni ya huyo wa tatu. Ndiyo maana sheria inailazimisha. Serikali haina haja na kioo chako, ina haja na mguu wa jirani yako. Sasa kwa kuwa mwembe hauna bima, wa kumdai angekuwa mwenye mwembe, na mwenye mwembe ni mama mkwe. Nawaombeni mnionyeshe Mnyamwezi aliyemwandikia mama mkwe wake barua ya madai ya kioo.

Shemeji, ambaye ni mtoto wa nyumba ile ile yenye mwembe, akasema dawa ni bima kubwa, ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe, na safari hii bei itapungua tu. Haikupungua, ila nikagundua kuwa huku ndiko kwenye kazi ya kulinganisha. Bima kubwa kwa kawaida inakokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. IST ya milioni 12 inazaa 420,000, ongeza VAT, unafika 495,600. Katikati ipo nyingine ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, inayomfaa mtu anayeogopa wezi kuliko anavyoogopa maembe. Shemeji akanong'ona tuandike gari lina thamani ya milioni sita ili ada ishuke nusu. Mtani akamsikia. Akatueleza bila hasira kwamba ukikatia nusu ya thamani, siku ya ajali nawe unalipwa nusu ya hasara. Na ukiandika milioni ishirini kwa tamaa, utalipia ishirini na kulipwa bei ya gari lilivyo sokoni.

Ofisi mbili zikanipa 495,600 ile ile, lakini karatasi zikiwa mbali kama Sikonge na Nzega. Moja inalipa kioo bila maneno mengi, hadi kiwango kilichoandikwa. Nyingine kioo ni cha kuongezea hela. Moja eksesi yake, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti, ni ndogo. Nyingine eksesi imepita bei ya kioo changu, kwa hiyo ningelipwa sifuri kwa utaratibu mzuri kabisa. Moja inakuvuta gari likikufia Nyahua usiku, nyingine inakutakia safari njema.

Na zote mbili, kule mwisho penye herufi ndogo, zinakataa mambo yale yale: dereva mlevi, leseni iliyokwisha, gari la kutembelea kubeba abiria wa kulipa, na vita. Hilo la vita lilinifurahisha. Msafiri Stanley alipofika Tabora Juni 1871 alikuta mtemi Mirambo ameifunga njia ya Ujiji. Akaingia vitani upande wa Waarabu, wakapigwa, ikabidi azungukie kusini. Angekuwa na bima kubwa ya mzigo wote, mtani wangu angempa pole na kumfungulia ukurasa wa mwisho.

Wazee wetu hawakuwa na adha hii. Baada ya kampuni za bima kutaifishwa mwaka 1967, bima ilikuwa Shirika la Bima la Taifa, basi. Soko lilifunguliwa kwa sheria ya mwaka 1996. Lakini hata lingekuwa wazi, baba alikuwa na Phoenix, na baiskeli ile bima yake ilikuwa kufuli na mbwa.

Mimi nilichukua yenye kioo na eksesi ndogo. Kwako msomaji, usihangaike kuulizia bei ya bima ndogo mji mzima. Omba karatasi ya bima kubwa, anza kuisoma kutoka nyuma. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA hapo hapo mbele ya wakala. Kama haimo, vuta kiti, ukae, na usiondoke mpaka ionekane.