Mashimo ya Mfalme Sulemani Nyuma ya Nyumba Yetu

Mwenzangu mwenye watoto, wewe utanielewa upesi. Jumamosi ya Septemba 6, 2025, nilirudi kutoka sokoni hapa Tanga na changu wawili na nazi tatu, nikasikia maji yakitiririka mahali ambapo hatuna bomba. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Katikati ya minazi yetu miwili palikuwa na shimo la kumfika mtoto kiunoni, na maji yakifoka ndani yake kama chemchemi. Injinia alikuwa amesimama humo, sululu mkononi, matope mpaka kwenye nyusi. Kitinda alikuwa ukingoni, anachota tope kwa kikombe cha kahawa cha bibi yake. Wakili alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, ameshika kitambaa cheupe chenye michoro myekundu, anatoa maelekezo.

Kitambaa kile nilikitambua kabla sijakifikia. Kilikuwa upindo wa kanzu yangu. Maulidi yalikuwa yamepita juzi tu, kanzu imefuliwa, ikaachwa kambani ikauke.

"Baba, usikanyage hapo," Wakili akaniambia. "Hapo ndipo penye jangwa."

Nikujulishe watu wangu kwanza. Wakili ni kifungua mimba, ana miaka 13, na tangu aanze kusema hajawahi kushindwa hoja na mtu. Injinia ana miaka tisa. Huyo hawezi kuona kitu kimefungwa asikifungue. Redio ya marehemu baba aliifungua akiwa na miaka mitano, na skrubu moja hatujaiona mpaka leo. Kitinda ni kitinda mimba, ana miaka minne, na kazi yake ni kukubali kila anachoambiwa na Injinia. Halafu yupo mama mkwe wangu, mzaliwa wa Lamu, anayekaa nasi mwaka wa sita sasa. Yeye simpi jina la utani. Mkwe ni mkwe. Lakini wajukuu ni watani wake, na utani wao ndio uliotufikisha pabaya, nitakueleza. Juu ya wote yupo Mama Wakili, ambaye siku ile alikuwa ameenda kumpa pole shoga yake aliyefiwa.

Chanzo chote ni mimi na kitabu. Wiki mbili kabla, umeme ulikatika magharibi, watoto wakawa wanapigana gizani kama paka. Nikawasha taa ya chemli, nikafungua sanduku la marehemu baba, nikatoa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kitabu kile alinisomea mimi na kaka zangu jioni baada ya jioni, akibadilisha sauti kwa kila mtu. Mchwa wamekula pembe za jalada, na kurasa kumi na kitu zimeshonwa kwa uzi wa magunia. Hata hivyo kinasomeka.

Aliyekitunga ni Henry Rider Haggard, Mwingereza aliyezaliwa 1856 huko Norfolk, mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake alimtuma kusini mwa Afrika akiwa na miaka 19, akawa karani wa watawala wa Natal. Baadaye akafuga mbuni, kisha akarudi kwao kusomea sheria. Siku moja akabishana na ndugu yake juu ya *Kisiwa chenye Hazina*, kitabu cha Robert Louis Stevenson kilichokuwa kinavuma. Haggard akasema si cha ajabu hivyo. Ndugu yake akamwambia, basi andika wewe kilicho nusu yake tu, wakawekeana dau. Haggard akakaa chini, na kwa muda wa kama wiki sita akakimaliza. Kilitoka Septemba 1885, na mwaka wa kwanza peke yake ziliuzwa nakala 31,000. Alipokuwa anakiuza kwa mchapishaji, aliambiwa achague pauni 100 taslimu au fungu la kila nakala itakayouzwa. Alikuwa anaelekea kuchukua zile pauni 100. Mkubwa alipotoka chumbani kidogo, karani aliyekaa pembeni akamnong'oneza achukue fungu. Kila nikifika hapo Mama Wakili huniangalia, kwa sababu shamba la Muheza niliuza kwa fedha taslimu, na hapakuwa na karani wa kuninong'oneza.

Ndiyo maana kitabu hiki nakipenda. Kimezaliwa na ubishi wa ndugu wawili, jambo la nyumbani kabisa, na mpaka leo mahali pake ni nyumbani, kinaposomwa kwa sauti na watu wanadakiza. Mwaka 1929 Frederick Johnson, yule aliyekuja kuwa katibu wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili, alikitoa kwa lugha yetu, na wanafunzi wa kizazi cha baba wakakua nacho.

Sasa kwenye kitabu kuna ramani. Mreno mmoja, José da Silvestra, anakufa kwa njaa na baridi pangoni mwaka 1590. Hana karatasi wala wino, basi anachana kipande cha shati lake na kuandika njia ya kwenda kwenye almasi kwa mfupa aliouchovya katika damu yake. Niliposoma ukurasa huo Injinia aliacha kutafuna. Ningepaswa kujua.

Damu hakutumia, nashukuru. Alitumia rozela aliyoichemsha bibi yake. Milima miwili inayofanana, ambayo wasafiri wa Haggard wanaupanda mmoja wake, ilikuwa minazi yetu. Barabara kuu ya Sulemani ilikuwa njia ya kwenda chooni. Na hazina ikapigiwa alama pale pale linapopita bomba la plastiki linaloleta maji jikoni.

Nikakimbilia koki ya kwenye mita. Ina kutu ya miaka. Nikaipiga kwa spana mpaka ikakubali, maji yakakata, ya jikoni na ya bafuni na ya tangi. Fundi bomba wetu nikampigia simu. Yuko harusini Pangani, akasema, Jumatatu asubuhi Inshallah.

Mama Wakili alirudi alasiri. Hakupaza sauti. Alilitazama shimo, akaitazama kanzu, akavuta kiti cha ukili na kukaa. Kesi ikaanza. Wakili akatetea kwamba ramani haina kosa ila bomba ndilo lililowekwa vibaya. Injinia akasema alibakiza kidogo tu afike. Kitinda akalia kwa sababu kikombe kimepasuka.

Hapo Injinia, kwa kujihami, akasema: "Na Bi Gaguli ndiye aliyetulaani, ndiyo maana hatukupata kitu!"

Nikasikia masikio yanawaka. Bi Gaguli ndilo jina walilompa bibi yao usiku ule wa tatu wa kusoma, kutokana na Gagool, kikongwe mchawi wa kwenye kitabu. Nilikuwa nimewakataza lisitamkwe. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, ushungi kichwani, anasikia kila neno.

"Gaguli ni nani?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu.

"Nimeuliza. Mtu akipewa jina, ajue la nani."

Basi ikabidi nisimulie mbele ya mahakama, kwa adabu ninayoweza. Nikamwambia Gagool ni mzee sana wa nchi ya Wakukuana, ndiye pekee anayejua njia ya chumba cha hazina. Wageni watatu, Allan Quatermain, Sir Henry Curtis na Kapteni Good, wanamlazimisha kwa tishio la kifo awapeleke. Anawafikisha. Wakiwa wanashangaa masanduku ya almasi, anachomoka na kuliteremsha jiwe kubwa la mlango ili awafungie humo wafe. Foulata, msichana aliyempenda Kapteni Good, anamng'ang'ania. Gagool anamchoma kisu, kisha anajaribu kupenya chini ya jiwe linaloshuka. Linamsaga.

Mkwe wangu alinyamaza. Halafu akauliza, "Mali ile ya nani?"

"Ya kale, mama. Ya nchi ile."

"Na waliokuja ni wa nchi ile?"

"Hapana, mama."

"Bibi kizee analinda mali ya kwao, wageni wamemshikia silaha, na mwandishi anamsaga kwa jiwe." Akautengeneza ushungi wake. "Msichana asingemchoma, hilo ni dhambi. Lakini hilo la kufunga mlango, hata mimi ningefunga. Niiteni Gaguli. Nimekubali."

Nimekisoma kitabu kile tangu nikiwa na miaka minane, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kusimama upande ule wa mlango. Haggard aliandika akiwa mtu wa dola lililokuwa linajitwalia nchi za watu. Alikuwepo Pretoria mwaka 1877 Waingereza walipopandisha bendera yao, na mwenyewe alishiriki kuipandisha. Hayo niliyajua. Ila kuyajua kwenye vitabu ni kitu kimoja, na kuyasikia kwa mkwe wako aliyesimama mlangoni ni kingine. Usiku ule nilirudia sura nzima peke yangu, na Gagool anaongea maneno mengi ya kweli humo ambayo nilikuwa nayapita mbio nifike kwenye almasi.

Hukumu ya Mama Wakili ikatoka. Injinia atachota maji kwa jirani mpaka bomba litengenezwe. Wakili atashona upindo wa kanzu. "Na wewe Baba Wakili uliyewasomea, fundi akimaliza utafukia." Kwetu kesi huishia hivyo, nami sikati rufaa.

Wakili alikuwa na swali la mwisho: huyo Haggard naye nyumbani kwake alikuwa na mama kama huyu? Nikamweleza kuhusu kitabu chake kingine, *She*, alichokiandika mwaka 1886, nacho kwa wiki kama sita, juu ya malkia Ayesha ambaye watu wake wanamwita Yule Apasaye Kutiiwa. Jina hilo halikutoka Afrika. Lilitoka chumba cha watoto huko Norfolk: yaya wao alikuwa na mwanasesere wa matambara, wa sura mbaya, aliyefichwa kabatini na kutolewa kuwatisha watoto wasiotaka kulala, na hilo ndilo lilikuwa jina lake. Mama Wakili akasema mwanasesere hahitajiki hapa, akaenda kupaka changu chumvi.

Jumapili redio ikatangaza mwezi utapatwa usiku. Nikaona macho ya Injinia. Kwenye kitabu, wasafiri wanatumia kupatwa kwa mwezi kuwatisha Wakukuana na kumwokoa Foulata asiuawe. Haggard mwanzoni aliandika ni jua lililopatwa, siku ambayo mwezi pia ni mpevu, jambo lisilowezekana, kwa kuwa jua hupatwa mwezi ukiwa mwandamo. Toleo la baadaye akabadilisha, akaweka mwezi. Wakili alifurahi sana kusikia kwamba hata kitabu huweza kukata rufaa na kushinda.

Saa moja na nusu kivuli kilianza kuula mwezi. Injinia akapanda juu ya rundo la udongo wa shimo lake, akanyoosha mkono, akatangaza kwamba asipofutiwa adhabu ya maji ataufuta mwezi wote.

"Umri wangu nimeona mwezi ukipatwa mara nyingi," bibi yake akamjibu kutoka kwenye mkeka, "na haukuwahi kuomba ruhusa kwa mtoto. Hiyo ni ishara ya Mungu, mjukuu wangu, tunaisalia. Shuka. Niletee maji nitie udhu."

Maji hayakuwepo hata tone. Injinia akatazama dumu tupu, akatazama mwezi uliobaki kipande, akashuka. Alienda kwa jirani mara nne gizani, dumu la lita tano kila safari, mpaka watu wote tukatia udhu. Saa mbili na nusu mwezi ulikuwa mwekundu mzima, kama shaba iliyotoka motoni, ukakaa hivyo dakika 82. Tulisali uani, mkwe wangu na Mama Wakili na watoto nyuma, shimo letu ubavuni. Rakaa zile ni ndefu. Kitinda alilala akiwa amesujudu.

Baadaye tukabaki mikekani, mwezi unarudi kidogo kidogo. Mkwe wangu akaniuliza kama mtu yule ameandika kingine. Nikamwambia kipo cha Allan Quatermain, cha 1887, baba aliniachia nacho, na safari yake inaanzia Lamu, kisha inapanda Mto Tana. Ndugu mmoja wa Haggard alikuwa makamu wa balozi wa Waingereza Lamu miaka hiyo ya 1880.

Aliketi wima. "Lamu yetu?"

"Yenyewe, mama."

"Kilete. Na akisema uongo juu ya Lamu nitakukatisha."

Nikaleta kitabu na taa. Mwenzangu, nilikuwa nimesahau kinavyoanza. Kinaanza kaburini: Quatermain amemzika mwanawe wa pekee, kijana aliyekufa kwa ndui hospitalini. Haggard alimtunuku kitabu hicho mtoto wake wa kiume, Jock, aliyekuwa mdogo na mzima. Miaka minne baadaye, 1891, Haggard na mkewe wakiwa Mexico, Jock alikufa kwa surua kule Uingereza walikomwacha. Alikuwa na miaka tisa.

Injinia alikuwa amelala ubavuni mwangu, kiganja kimekauka matope, mkono mmoja bado umeshika mpini wa dumu. Nikavilegeza vidole kimoja kimoja, nikamfunika kwa ile kanzu isiyo na upindo.

"Mbona husomi?" mkwe wangu akauliza.

Nikafunua kurasa mbele, nikaanzia Lamu.